Kwa Nini Uani kwa Buddha Kuna Jinja: Kuzielewa Sehemu za Ibada za Kale za Japani

Watalii wengi wanaofika Tokyo huanzia Asakusa, kwenye hekalu la Senso-ji. Wanapita chini ya lango la Kaminarimon lenye taa kubwa nyekundu ya karatasi, wanafuata njia ya maduka ya Nakamise, wanajifukiza moshi wa udi kwenye chetezo kikubwa kilichowekwa mbele ya ukumbi mkuu, kisha wanapanda ngazi kuchungulia ndani. Wachache hugeuka kulia. Anayegeuka huona, hatua chache tu kutoka ukumbini, lango jingine la mawe lisilo na mlango wala paa, na nyuma yake jengo jingine la ibada. Hiyo ni Asakusa Jinja, na hapo anayeheshimiwa si Buddha. Ni watu watatu: ndugu wawili wavuvi ambao, kwa masimulizi ya hekalu, mwaka 628 walinasa katika mto Sumida sanamu ya Kannon, mtukufu wa huruma katika Ubudha, pamoja na mkuu wa kijiji chao aliyeigeuza nyumba yake kuwa mahali pa kuihifadhi.

Kwa hiyo walioanzisha hekalu la dini moja wamekuwa miungu katika dini nyingine, na sehemu hizo mbili zinakaa kiwanja kimoja bila ugomvi. Hapa ndipo mgeni anapochanganyikiwa. Vitabu vya mwongozo humpa jedwali la safu mbili: upande huu Ubudha na mahekalu yake, upande ule Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na jinja zake, yaani sehemu zake za ibada, na ishara za kuzitofautisha. Jedwali hilo linafaa, lakini linaficha jambo kubwa. Mstari unaozitenganisha safu hizo una umri wa miaka 150 na ushei tu, na uliwekwa kwa amri ya serikali. Ukilijua hilo, karibu kila kitu kitakachokushangaza Japani kinaanza kueleweka.

Ishara za saa ya kwanza

Hekalu la Kibudha ni tera, na jina lake huishia na -ji, -dera au -in: Todai-ji, Kiyomizu-dera, Byodo-in. Mahali pa ibada pa Shinto ni jinja, na jina huishia na jinja, taisha, jingu au -gu. Kiswahili chetu huziita zote mahekalu. Katika makala haya neno hekalu nimeliachia Ubudha, na za Shinto nitaziita jinja.

Lango la jinja ni torii, yaani nguzo mbili zilizobeba boriti, basi. Lango la hekalu ni jengo kamili lenye paa, na mara nyingi pande zake mbili husimama walinzi wawili wenye misuli iliyotuna na nyuso za hasira, mmoja kafumbua kinywa, mwenzake kakifumba. Jinja nayo ina walinzi wake: viumbe vya mawe vinavyofanana na simba na mbwa kwa pamoja, au mbweha iwapo jinja hiyo ni ya Inari, kami wa mpunga na biashara. Kami ni neno utakalolisikia sana. Anaweza kuwa mungu wa jua, roho ya mlima au mti, hata binadamu aliyekufa. Sugawara no Michizane, msomi na mwanasiasa aliyefia uhamishoni mwaka 903, leo ni kami wa elimu, na wanafunzi hujaa kwenye jinja zake zinazoitwa Tenmangu kila msimu wa mitihani.

Ndani ya ukumbi wa hekalu kwa kawaida kuna sanamu. Ndani ya jinja hutaona sanamu ya kami. Kitu kinachomwakilisha, mara nyingi kioo cha kujitazamia cha shaba, hufichwa kwenye chumba cha ndani kabisa. Hata hivyo usiitegemee sana tofauti hii, maana mahekalu nayo yana sanamu zisizoonyeshwa. Ile Kannon ya wavuvi wa Asakusa haionyeshwi kwa mtu yeyote.

Ishara ninayoiamini zaidi ni makaburi. Katika Shinto kifo ni uchafu unaopaswa kuwekwa mbali na kami, ndiyo maana mazishi ya Wajapani wengi huendeshwa na watawa wa Kibudha na makaburi huwa kwenye viwanja vya mahekalu. Ukiona mawe ya kaburi yamejipanga nyuma ya ukuta, uko hekaluni. Kuna mahali mashuhuri panapoivunja hata kanuni hii, nitafika hapo.

Miaka elfu chini ya paa moja

Ubudha uliingia Japani katikati ya karne ya 6 kutoka ufalme wa Baekje kwenye rasi ya Korea. Maandiko ya kale hutaja mwaka 538 au 552. Haukuwafukuza kami. Mwaka 749, Mfalme Mkuu alipokuwa anasimamisha sanamu kubwa ya Buddha huko Nara, aliletwa kami Hachiman kutoka Usa, kisiwani Kyushu, ili ailinde kazi hiyo. Jinja yake, Tamukeyama Hachimangu, ipo mpaka leo kando ya hekalu la Todai-ji, na wageni wanaoipita kuelekea bustani ya kulungu ni wengi kuliko wanaoingia.

Kadiri karne zilivyosonga, wanazuoni wa Kibudha wakaujengea mchanganyiko huo nadharia: kami ni sura ambazo mabuddha wamezivaa ili waonekane kwa watu wa Japani. Amaterasu, kami wa jua, akalinganishwa na Dainichi, Buddha wa nuru. Watawa walisoma maandiko ya Kibudha mbele ya kami. Jinja kubwa zilikuwa na mahekalu ndani ya uzio wao, na mahekalu makubwa yalikuwa na jinja za kuyalinda. Muumini wa kawaida wa karne ya 12 au ya 17 angekushangaa ukimuuliza yeye ni wa dini ipi kati ya hizo mbili.

Kisha ukaja mwaka 1868. Serikali mpya ya Meiji ilitaka kuijenga nchi kumzunguka Mfalme Mkuu, ambaye ukoo wake unasemekana kushuka kutoka kwa Amaterasu. Kwa lengo hilo ilihitaji Shinto iliyo safi, isiyo na harufu ya dini iliyotoka ng'ambo. Ikaamuru jinja zitoe sanamu za Kibudha na vyombo vyake, na watawa waliohudumu humo waache kazi au wawe makuhani wa Shinto. Amri ilisema kutenganisha. Katika maeneo mengi watu wakavunja. Sanamu zilichomwa, kengele zikayeyushwa. Kofuku-ji ya Nara, hekalu la ukoo wenye nguvu wa Fujiwara, ilipoteza watawa wake, wengi wao wakahamia jinja jirani ya Kasuga Taisha, na kuta zake zikabomolewa. Ndiyo maana leo majengo yake yamesimama wazi katikati ya bustani ya mji, bila ua. Katika mji wa Kamakura, kwenye jinja ya Tsurugaoka Hachimangu, majengo ya Kibudha yaliyokuwamo, pamoja na pagoda, yaani mnara wa ghorofa kadhaa, yaliangushwa mwaka 1870. Mgeni anayepanda ngazi zake ndefu leo anaona jinja tupu na kudhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Nadhani hili ndilo jambo muhimu kuliko yote kulijua kabla ya kusafiri, maana linageuza namna ya kutazama. Unaacha kusema "mbona hapa pamechanganywa" na unaanza kuuliza "hapa paliponaje kutenganishwa?"

Nikko, kaskazini ya Tokyo, ndipo mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Tokugawa Ieyasu, aliyeanzisha utawala wa kijeshi uliodumu zaidi ya miaka 250, alifariki mwaka 1616, na mwaka uliofuata akawekwa hapo kuwa kami kwa jina lenye mantiki ya Kibudha: Buddha aliyejitokeza kwa sura ya kami. Mjukuu wake Iemitsu alipajenga upya mwaka 1636 kwa rangi, dhahabu na nakshi zisizohesabika. Kwa sheria, Toshogu ni jinja. Lakini ukishapita torii ya mawe, kushoto unakuta pagoda ya ghorofa tano, iliyojengwa tena mwaka 1818 baada ya moto. Ndani zaidi kuna ukumbi wa Buddha wa tiba, ambamo kuhani hugonganisha vipande viwili vya mti na mwangwi ukasikika kama dragoni aliyechorwa darini analia. Juu kabisa, baada ya ngazi nyingi za mawe, kuna kaburi la Ieyasu mwenyewe. Kaburi ndani ya jinja! Mwaka 1871 eneo hili, lililokuwa moja, liligawanywa sehemu tatu: Toshogu, jinja ya Futarasan na hekalu la Rinno-ji. Toshogu na Rinno-ji ziligombea umiliki wa ule ukumbi wa dragoni kwa miaka mingi, na anayejua historia hawezi kushangaa.

Masalia mengine ni madogo, lakini yanafurahisha kuyagundua. Shitenno-ji ya Osaka ni miongoni mwa mahekalu ya mwanzo kabisa ya Kibudha nchini, na upande wake wa magharibi ina torii ya mawe ya mwaka 1294. Toyokawa Inari imejaa mbweha wa mawe, ina torii, na kila anayefika huiita jinja, kumbe ni hekalu la Zen, tawi mojawapo la Ubudha.

Kongwe, lakini kwa kipimo gani?

Mgeni aliyezoea magofu ya mawe, kama ya Kilwa Kisiwani au Gedi, hupata mshtuko wa pili anaposoma vibao. Hekalu limeanzishwa karne ya 7, jengo ni la mwaka 1958. Huo ndio ukweli wa Senso-ji: ukumbi wake mkuu uliteketea kwa mabomu ya Machi 1945 na uliopo ni wa zege. Lango la Kaminarimon liliungua mwaka 1865 na likakaa karibu karne nzima bila kujengwa, hadi mwaka 1960, kwa mchango wa Matsushita Konosuke, mwanzilishi wa kampuni tunayoijua leo kwa jina la Panasonic. Ile Asakusa Jinja ya pembeni, ambayo watu hawageuki kuitazama, iliponea mabomu. Jengo lake ni la mwaka 1649. Kwa umri wa mbao, jinja ni babu na hekalu ni mjukuu.

Mbao huungua, na Japani ni nchi ya matetemeko na vita. Todai-ji ilizinduliwa mwaka 752, ukumbi wake ukachomwa vitani mwaka 1180, ukachomwa tena mwaka 1567, na uliopo ni wa mwaka 1709. Ule wa kwanza ulikuwa na upana wa mita 86 hivi. Huu una mita 57, na bado unamfanya mtu anyamaze anapoingia. Buddha aliye ndani ana kimo cha karibu mita 15, na mwili wake ni wa nyakati tofauti: kichwa kilitengenezwa upya karne ya 17, wakati baadhi ya petali za yungiyungi alilokalia ni zile zile za karne ya 8. Kinkaku-ji, ukumbi wa dhahabu wa Kyoto unaopigwa picha kuliko yote, ulichomwa na mtawa kijana mwaka 1950 na kujengwa upya mwaka 1955.

Je, mtu amedanganywa? Kwa Wajapani, la, na sababu utaipata Ise. Jinja kuu ya Amaterasu hujengwa upya yote kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani, kwa mbao mpya za hinoki, kwa vipimo vile vile, kisha ya zamani hubomolewa. Kwa kumbukumbu za Ise, desturi hii ilianza mwaka 690. Ilikatika kwa zaidi ya karne moja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikarejeshwa, na mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013. Inayofuata inatarajiwa mwaka 2033. Nguzo za zamani hazitupwi. Hutumika tena, nyingine kwa torii za daraja la kuingilia, nyingine hupelekwa jinja za mikoani. Kinachotunzwa kwa miaka 1,300 ni ujuzi wa seremala, na miaka 20 inatosha fundi kushiriki akiwa kijana na kusimamia akiwa mtu mzima. Ukienda Ise, ujue kwamba hutaliona jengo lenyewe zaidi ya ncha za paa juu ya uzio. Wengine huondoka wamekata tamaa. Mimi naona msitu, mto na kokoto za njia vinatosha kukufikisha huko.

Anayetaka mbao kongwe za kweli aende Horyu-ji, karibu na Nara. Pagoda yake na ukumbi wa dhahabu ni majengo ya mbao ya zamani zaidi yaliyobaki duniani, ya mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 8.

Mikono, miguu na sarafu

Hapa wageni huwa na wasiwasi mwingi kuliko unaostahili. Hakuna anayekutarajia ujue kila kitu. Wanachotarajia ni utulivu.

Unapofika kwenye torii, inama kidogo kabla ya kupita, na tembea pembeni mwa njia kwa kuwa katikati ni pa kami. Mbele kuna birika la maji na kata za mti. Shika kata kwa mkono wa kulia uoshe wa kushoto, badilisha uoshe wa kulia, kisha mimina maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue na kuyatema pembeni, si ndani ya birika. Osha tena kiganja hicho, halafu inua kata wima ili maji yaliyobaki yateremke na kuusafisha mpini. Maji yote hayo ni ya kata moja. Tangu janga la korona sehemu nyingi zimeondoa kata na kuacha maji yatiririke kwenye mianzi. Hapo osha mikono tu. Anayejua udhu ataona kufanana kwa haraka, lakini hapa hakuna masharti ya kutenguka wala nia ya kutamka.

Mbele ya ukumbi wa jinja tupia sarafu kwenye sanduku bila kuivurumisha, piga kengele kama ipo, inama mara mbili, piga makofi mara mbili, omba, inama mara moja. Izumo Taisha wanapiga makofi manne. Utaratibu huu nao ulisawazishwa nchi nzima katika enzi ya Meiji, kwa hiyo usiuone kama sheria ya tangu mwanzo wa dunia. Hekaluni hakuna makofi: unakutanisha viganja kifuani, unainama kimya. Kosa la kawaida zaidi la wageni ni kupiga makofi mbele ya Buddha, na hakuna atakayekukemea kwa hilo.

Usikanyage kizingiti cha lango la hekalu, kiruke. Kumbi nyingi zinataka uvue viatu, kwa hiyo vaa viatu vya kuvuka kirahisi na soksi zisizotoboka. Picha kwa kawaida huruhusiwa nje na kukatazwa ndani penye sanamu. Sanjusangen-do ya Kyoto, yenye sanamu 1,001 za Kannon katika ukumbi wenye urefu wa karibu mita 120, hairuhusu picha kabisa, na nadhani ndiyo sababu mojawapo watu hutembea humo polepole.

Jinja nyingi ni bure; mahekalu makubwa hutoza kiingilio na hufunga mapema, mara nyingi kati ya saa 10 na saa 11 jioni kwa saa zetu za Kiswahili. Beba fedha taslimu. Utazihitaji pia kwa goshuin, maandishi ya brashi na mihuri myekundu ambayo mtawa au kuhani huyaandika kwenye daftari maalumu, kwa kawaida kwa yeni 300 hadi 500. Chimbuko lake ni risiti ya aliyeleta nakala ya andiko takatifu aliyoiandika kwa mkono, hivyo nenda ukasali au ukasalimu kwanza, ndipo upange foleni na daftari, tena daftari la goshuin, si kijitabu chochote ulichonacho mfukoni. Wapo wanaokazania daftari mbili, moja la mahekalu na moja la jinja. Sehemu nyingi hupokea lililochanganywa, na kwa historia tuliyoiona, sioni ajabu.

Muislamu au Mkristo wa kwetu atauliza kama kuingia tu ni kuabudu. Wenyeji hawaoni hivyo. Hakuna anayekuhesabia kwa kutorusha sarafu, kutoinama au kutonunua hirizi, na unaweza kuzunguka kwa heshima, ukavua kofia, ukaangalia usanifu na bustani, ukaondoka. Ukiona familia inasali, simama kando usipite mbele yao. Mpaka wa ushiriki unabaki kwenye dhamiri yako, na ni vizuri uuamue kabla hujafika langoni.

Uanzie wapi

Kosa ambalo ningependa ulikwepe ni kujaza Kyoto mahekalu saba kwa siku. Mchana yote yatakuwa yamefanana. Fushimi Inari haifungwi usiku wala mchana, kwa hiyo nenda alfajiri. Maelfu ya torii nyekundu zilizopangana mlimani zimetolewa na wafanyabiashara na kampuni. Ukigeuka nyuma utayaona majina yao na tarehe. Umati huishia kwenye msongamano wa kwanza wa torii, na ukiendelea kupanda, mlima wenye kimo cha mita 233 unabaki na wewe, mbweha na jinja ndogo ndogo. Baada ya hapo Sanjusangen-do, na Kiyomizu-dera alasiri kwa ajili ya roshani yake ya mwaka 1633 iliyoning'inia mita 13 juu ya bonde. Siku imejaa.

Nara ipe siku yake: Todai-ji, kisha Tamukeyama, kisha njia ya taa za mawe hadi Kasuga Taisha, na urudi kwa kupitia viwanja vya Kofuku-ji visivyo na ukuta. Horyu-ji usiibane humo. Iko mji wa jirani wa Ikaruga, treni ya dakika kama 12 kutoka kituo cha JR Nara na mwendo wa miguu wa dakika kama 20, hivyo itengee nusu siku nyingine, asubuhi.